Baisikeli ya Chuma Kizima

Majina yote ninayo. La kapita, msimamizi wa kambi, ninalo, la mfua chuma aliyekosa kidole gumba ninalo, hata mbuzi wa jirani yangu wa kule Kailo ninaweza kumwita leo kwa jina lake. Lakini wenye majina wengi wamekwisha kwenda, sina wa kumwomba ruhusa. Kwa hiyo nitasema mume wangu, mama yangu, mfua chuma, namna hiyo tu. Shule nilisoma miaka miwili kwa masista. Inatosha kuandika habari ya baisikeli moja.

Sisi huku baisikeli tunaiita kinga.

Wakati ule wa Wabelgiji mume wangu alikuwa mfanyakazi wa madini Kailo. Tuliishi kambini, nyumba za matofali zimepangwa mstari mmoja kama meno. Kazi yake ilikuwa kuosha mchanga. Anasimama ndani ya maji tangu asubuhi, anazungusha karai, mchanga mwepesi unakwenda na maji, ule mweusi mzito unabaki chini. Unaobaki ndiyo kazi ya siku. Uliokwenda si kitu.

Watu wakifanya kazi hiyo miaka mingi, inawaingia mikononi. Wanaume wa kambi walipima kila kitu kwa kiganja. Ukinunua sabuni wataichukua kwanza, wairushe kidogo, waipokee, ndipo waseme kama ni sabuni nzuri. Jembe hivyohivyo, kiatu hivyohivyo. Mtoto akizaliwa walimnyanyua na kusema, "Huyu iko na madini," au walinyamaza na kumrudisha kwa mama yake. Kwangu mimi walikuwa hawajanyanyua mtoto. Mimba mbili zilitoka kabla ya wakati. Ya pili ilitoka mwezi wa saba, na yule aliyetoka alipumua tangu alfajiri mpaka saa sita mchana.

Mume wangu hakusema neno juu ya wale wawili. Neno baya hakusema, na neno zuri pia hakusema. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Akiwa na jambo moyoni alitengeneza kitu au alileta kitu. Baada ya wa kwanza alinitengenezea kiti. Baada ya wa pili alinunua kinga.

Aliinunua Kindu, kwa duka la Mreno, akaja nayo fremu yote imefungwa karatasi isikwaruzwe njiani. Tulipofungua tuliona chuma cheusi chenye mistari miembamba ya rangi ya dhahabu. Mabomba yake yalikuwa membamba, yale ya nyuma yanayoshika gurudumu hayakupita unene wa kidole changu. Uma wa mbele ulijipinda kwenda mbele kidogo pale chini, kama mguu wa mtu anayetaka kuanza kucheza.

Jumamosi ile alinipandisha nyuma, pale pa kubebea mizigo. Nilikaa upande, kitenge nimekikunja mara nne chini yangu. Barabara ya Kailo ilikuwa na mawe na mizizi, na makorongo ya mvua. Gurudumu lilipogonga jiwe, jiwe halikunifikia lote. Chuma kilikubali kidogo, kikarudi. Nilihisi ni kama kulala juu ya kitanda cha kamba, zile kamba zikiwa mpya. Tulikwenda mpaka kijiji cha pili tukarudi, hatukuzungumza, na mimi nilishika shati lake kwa nyuma. Siku hiyo sikujua kwamba ninapumzika. Nilikuja kujua baadaye.

Jumapili wanaume wakaja kuiangalia. Kapita akainama, akagonga bomba la juu kwa ukucha. Likalia, sauti ndogo, ndefu, ikachelewa kwisha.

"Ndugu yangu," kapita akasema, "hii kintu iko tupu."

"Tupu namna gani?"

"Tupu ndani. Sikia." Akagonga tena. "Mureno amekuuzia ngozi ya chuma. Nyama amebaki nayo."

Wakacheka. Mwingine akaishika kwa mkono mmoja, akainyanyua juu, akaipima vile walivyozoea. "Nyepesi hivi? Hata bibi yangu iko muzito kuliko hii."

"Bibi yako iko muzito kuliko gari moshi," mfua chuma akamwambia. "Huyo hatumuhesabu."

"Na angalia hii uma," kapita akaendelea. "Imekwisha kupinda, na muntu hajapanda hata mwezi. Ikibeba mama mwenye tumbo itakuwa je?"

Mume wangu alicheka pamoja nao. Lakini walipoondoka nilimwona kupitia mlango: amesimama peke yake, anainyanyua kinga, anaiweka chini, anainyanyua tena.

Mimba ya tatu ilipofika mwezi wa tano, ikawa lazima kufikiri safari. Kwetu mwanamke anakwenda kujifungulia kwa mama yake, na mama yangu alikuwa Kindu, upande wa Mikelenge, ng'ambo ya mto. Kutoka Kailo ni safari ya siku nzima. Gari la madini lilipita kila mara, lakini lilikuwa la kubeba madini, halikubeba wanawake. Mimi nilikuwa na hofu moja tu, nayo ilikaa nami mchana kutwa: huyu wa tatu atoke akiwa mzima. Sikumwambia mtu. Kambini walikuwa wanasema tumbo langu halishiki. Sikutaka kuwapa maneno mengine.

Siku moja kinga haikuwapo nyumbani. Nikamwuliza.

"Iko kwa mfua chuma," akasema. "Inavaa."

Ilikaa huko majuma mawili. Mume wangu akitoka majini alipitia kwa mfua chuma, akarudi nyumbani na harufu ya moshi. Siku aliyoileta aliikokota, hakuipanda, akaniita nje. Yale mabomba membamba ya nyuma yalikuwa yamekatwa yote. Mahali pake walikuwa wametia vyuma vizima, vile vya kutobolea miamba, vilivyovunjika na kutupwa kazini. Uma wa mbele pia ulikuwa mpya, miguu miwili ya chuma kizima, imenyooka kama rungu.

"Piga," akasema.

"Nipige nini?"

"Piga na ukucha, hapa."

Nikapiga. Haikusema kitu. Ilikuwa ni kama kugonga ukuta.

"Imenyamaza," nikasema.

"Ee. Sasa iko na nyama." Akapitisha mkono juu ya kile chuma, taratibu, na akanitazama. Alikuwa amefurahi. Tangu tulipofunga ndoa sikupata kumwona uso ule. "Hii haitavunjika na weye juu. Hata wakiwa wawili tumboni."

Nikamwambia asante, baba.

Tuliondoka mwezi wa sita wa mimba, mapema, umande ukiwa bado kwenye majani. Hatukufika hata mwisho wa kambi nikajua. Kokoto ndogo, ile ambayo jicho halioni, ilikuja yote. Iligonga gurudumu, ikapita kwenye chuma kizima bila kupungukiwa, ikaingia kwenye mfupa wa kukalia, ikapanda mgongoni, ikanigonga meno. Kinga ile ya kwanza, nyembamba, tupu ndani, ilikuwa inabaki na sehemu yake ya jiwe. Hii haikubaki na kitu, ilinipa lote. Niliweka mkono mmoja chini ya tumbo kulishikilia, na wa pili haukutosha kunishika mimi.

Mbele yangu mume wangu alikuwa anakanyaga kwa nguvu, shati limelowa. Kinga ilikuwa nzito, lakini alikuwa anaimba. Mtu ambaye hakuimba hata kanisani.

Nilijiambia, nitavumilia mpaka kijiji kile. Tulipofika pale nikajiambia, mpaka kile kingine. Ndipo tumbo likakaza kama ngoma, likakaa hivyo, likaachia. Nililijua. Mara mbili lilinianza hivyo.

"Baba, simama kwanza."

Akasimama. "Iko nini?"

Hapo ndipo ningesema. Nimerudi mahali pale miaka yote hii, kwenye kivuli kidogo cha mgomba kando ya barabara, na kila mara ninasema. Siku ile sikusema. Ningemwambiaje mtu aliyekaa majuma mawili ndani ya moshi kwamba kile alichokitengeneza kinanitolea mtoto?

"Miguu imekufa," nikamwambia. "Ninataka kutembea."

"Utatembea mpaka Kindu?"

"Kidogo tu."

Tukatembea. Alipotaka nipande nikasema bado. Akauliza mara ya pili, nikasema bado. Mara ya tatu hakuuliza. Tukakutana na wafanyakazi wanaopanda Kailo, watano au sita, wanatufahamu. Mmoja akasema, "Rafiki, na weye unachunga kinga sasa? Inakula majani gani?"

Mwingine akanigeukia. "Mama, kupanda inakatazwa? Ama bwana anaogopa itachoka?"

Nilitazama chini. Mume wangu aliwajibu salamu tu. Kutoka pale alikwenda mbele, anaikokota, na mimi nyuma. Alikuwa amefahamu namna yake: kwamba nimeona haya ya kinga yake, kwamba sitaki kuingia mjini juu ya chuma cha mfua chuma wa kambi. Nilimwona mgongo wake unavyofahamu hivyo. Tumbo lilikaza tena mara moja, halafu likatulia, kwa sababu ya kutembea polepole. Jua lilitupita juu ya kichwa, likatangulia ng'ambo.

Mtoni, yule wa mtumbwi alipoipokea kinga alirudi nyuma hatua mbili.

"Baba, umeiba reli ya Wabelgiji?"

Mume wangu hakucheka. Tulivuka, kinga imelala katikati yetu, maji yanafika karibu na ukingo wa mtumbwi.

Kwa mama yangu alikunywa maji kwa kusimama. Mama akamwambia, "Mukwe wangu, kaa basi, kula kwanza."

"Kesho kazi, mama. Nitakuja siku ya arobaini ya mtoto."

Akaenda. Nilimsikia mpaka alipopinda njia: ile kinga iligonga mawe kwa sauti nzito, sauti ya mlango unaofungwa.

Mama alikuwa na shamba la mihogo na karanga nyuma ya nyumba, na mimi hakuniruhusu kuinama, kwa hiyo nilikaa kwenye mkeka nikimenya karanga. Ukikaa namna hiyo Mikelenge unasikia gari moshi likiingia na meli ikiita bandarini, na kila moja inaleta watu wa wengine. Nilikuwa ninahesabu siku kwa maganda. Mtoto akicheza tumboni nilitaka kumwambia mtu fulani, na huyo mtu alikuwa Kailo, ndani ya maji mpaka magotini, anafikiri nimemdharau.

Alizaliwa mwezi wa nane. Msichana. Mdogo, lakini alilia. Mama alinifunga naye kifuani kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, akasema nisimtoe mpaka anenepe. Tulikaa hivyo, mimi na yeye kama mtu mmoja. Aliishi siku ya kwanza. Saa sita mchana ilipofika nilishika pumzi, ikapita. Akaishi ya pili. Wiki ilipopita nikaanza kulala.

Siku ya arobaini nilioga, nikavaa, nikampaka mtoto mafuta, nikakaa kizingitini. Mama alipika. Chakula kilipoa, akakirudisha jikoni. Siku ya hamsini sikuvaa tena. Jirani mmoja alipita akauliza kwa sauti ya huruma, "Bado hajafika?" na mimi nikasema kazi nyingi. Alipita kesho yake akauliza vilevile.

Ilikuwa baada ya hapo, mtoto amekwisha kuanza kutabasamu, mke wa mfua chuma alipokuja Kindu kuuza mafuta ya mawese. Akaniona sokoni, akatua debe lake.

"Dada, weye uko huku unanenepesha mutoto, na bwana wako amekuwa bibi-arusi."

"Bibi-arusi wa nani?"

"Wa kambi yote." Akaketi juu ya debe. Alipenda kusimulia. "Aliumia muguu kazini. Kidogo tu, jiwe. Rafiki yake akamuweka nyuma ya ile kinga, pale unakaa weye, amupeleke dispanseri. Tangu aliinunua, hajakaa pale hata siku moja. Basi wanafika dispanseri, anashuka, haingii. Anaizunguka kinga mara mbili. Damu inatoka, muuguzi anamuita, yeye anaizunguka. Halafu anakokota muguu wake mpaka kwa bwana yangu, anamwambia: kata."

"Kata nini?"

"Vyuma vyote. Bwana yangu akakasirika, kazi yake ile. Lakini akakata. Wakajaribu muti, ikapasuka. Wakajaribu mianzi, ikalegea, wakaanguka wote wawili mbele ya kapita. Na kila Jumapili, dada, anakaa nyuma, sufuria ya maji mapajani, anaendeshwa barabarani mpaka kijiji cha pili. Wanarudi, anaangalia maji iliyobaki. Anasema, bado. Watu wanatoka nyumba kumuangalia. Wanamuimbia za arusi."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi nilisema ninarudi nyumbani, mtoto ana njaa. Mtoto alikuwa amelala. Nilipita njia ndefu, kando ya reli, kwa sababu sikutaka mama aone uso wangu.

Alikuja siku ya Alhamisi, mchana, sisi tukitwanga. Sikumsikia akifika, na hapo nikajua. Kinga aliisimamisha ukutani. Nyuma ilikuwa na mabomba membamba tena, ya rangi nyingine, kijani iliyochubuka, ya kinga ya zamani ya katekista mmoja. Uma wa mbele ulikuwa umepinda kule mbele kama wa kwanza. Pale palipounganishwa palikuwa na uvimbe kama kidonda kilichopona vibaya. Ilikuwa mbaya kuangalia.

Akamsalimia mama. Akanisalimia mimi. Halafu akainama, akagonga kwa ukucha.

Ililia. Si kama ile ya kwanza, ilikuwa na ukali kidogo, lakini ililia na ikachelewa kwisha. Tulisimama wote wawili mpaka ikaisha. Mama alisimamisha mchi.

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikampa. Akampokea kwa viganja, akamnyanyua kidogo, akamshusha, vile alivyozoea na kila kitu. Nilikuwa ninamtazama mikono.

"Mwepesi," akasema.

Nikaanza kukunja kitenge cha kumbebea.

"Ni vizuri," akaendelea. "Njia ni ndefu."

Tuliondoka kesho yake asubuhi, mtoto mgongoni kwangu, mimi mgongoni kwake. Mawe yalikuwa yale yale. Yalikuja nusu. Mtoto alilala kutoka mtoni mpaka ule mgomba wa kando ya barabara, na tulipopita pale mume wangu alipunguza mwendo, kama mtu anayepita karibu na kaburi, halafu akaendelea. Hakusema kwamba amejua. Sikusema kwamba miguu yangu haikuwa imekufa. Nilishika shati lake kwa nyuma. Niliona tunao wakati.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukazaa wengine, na maneno yale hayakusemwa. Kila mara kulikuwa na kitu cha kufanya kwanza. Alipokuwa mgonjwa mara ya mwisho nilikaa karibu naye na maneno yamefika mdomoni, na yeye akaniomba nimgeuze upande mwingine, nikamgeuza. Akalala. Ndivyo ilivyokuwa.

Yule msichana mwepesi ni bibi sasa, yuko mbali, anatuma salamu na watu wanaosafiri. Mimi ninakaa nyumba ile ya mama, Mikelenge. Kinga ilikufa kidogo kidogo, tairi, halafu usukani, halafu kutu. Nilibaki na bomba moja, lile la kijani la nyuma, urefu wa mkono wangu. Ninalitumia kupuliza moto asubuhi, maana liko tupu ndani na pumzi inapita vizuri. Kabla ya kupuliza huwa ninaligonga kwa ukucha. Linalia. Ninangoja limalize, halafu ninainama kwenye makaa.